Mustakabali wa Kazi: Ukumbini Wanasema Ujuzi, Manfuha Wanauliza Karatasi

Mada yangu ya leo ni mustakabali wa kazi. Najua wengine mtasema, "Jamani, tena hii?" Ni kweli, kila semina siku hizi ina mada hiyo. Lakini nawaomba mvumilie kidogo, kwa sababu nataka tuitazame kutoka upande ambao kwenye semina hautazamwi.

Riyadh imekuwa mji wa makongamano. Tangu Desemba 2023 unafanyika hapa mkutano mkubwa wa dunia kuhusu soko la ajira, unaoandaliwa na Wizara ya Rasilimali Watu na Maendeleo ya Jamii ya Saudi Arabia. Wa pili ulifanyika Januari 2025, na mawaziri wa kazi wa nchi nyingi walikuja. Mbali na huo, zipo semina ndogondogo za mameneja wa rasilimali watu, karibu kila mwezi, katika kumbi za hoteli na za vyuo. Mwanafunzi wa uzamili akijiandikisha mapema mara nyingi anaingia bure. Mimi nasoma uhandisi, si utawala, lakini nimehudhuria semina hizi za kutosha kuona kwamba wanayojadili pale yanatuhusu kuliko tunavyodhani.

Makala haya si ripoti ya mkutano mmoja. Ni masomo matano niliyoyakusanya, na kila moja nimelipima kwa mizani moja: je, lina maana gani kwa mtu wa Manfuha?

Manfuha ni wapi?

Kwa msioijua Riyadh: Manfuha ni mtaa wa kale kusini mwa jiji. Zamani ulikuwa mji mdogo unaojitegemea katika eneo la Yamama, na ndiko alikotoka al-A'sha, mmoja wa washairi wakubwa wa Kiarabu wa kabla ya Uislamu. Jiji lilipopanuka likaumeza. Leo ni mtaa wa nyumba za zamani, vichochoro vyembamba, maduka ya simu, mafundi, na wageni wengi wa kutoka Pembe ya Afrika na kwingineko. Ukitaka kujua Mwafrika wa kawaida anaishije Riyadh, huendi kwenye mnara wa vioo, unakwenda Manfuha.

Na jambo la ajabu ni kwamba minara ya vioo na Manfuha viko kwenye reli moja. Metro ya Riyadh ilianza kazi Desemba 2024, ikiwa na njia 6, urefu wa kilomita 176 na vituo 85. Ile njia ya kwanza, ya buluu, inatoka kaskazini, inapita mtaa wa fedha wa Mfalme Abdullah, inateremka hadi Batha, kisha ina kituo kinachoitwa Manfuha. Nauli ni riyali 4. Na treni haina dereva! Kwa hiyo mtu anaweza kutoka kwenye mjadala wa roboti na kazi, akapanda treni inayojiendesha, na akashuka mahali ambapo watu wanagombana na wakala juu ya mshahara wa miezi mitatu iliyopita. Umbali wa kilomita ni mdogo. Umbali wa mazungumzo ndio mrefu.

Somo la kwanza: Kazi haifi mara moja, hufa vipande vyake

Katika makongamano haya utasikia takwimu za kutisha. Maarufu zaidi ni ile ya mwaka 2013, ya Frey na Osborne wa Chuo Kikuu cha Oxford. Walichunguza kazi 702 na kusema kwamba 47% ya ajira za Marekani ziko kwenye hatari ya kuchukuliwa na kompyuta. Takwimu hiyo imezunguka dunia nzima. Miaka mitatu baadaye, 2016, watafiti Arntz, Gregory na Zierahn waliangalia nchi 21 zilizoendelea kwa njia nyingine. Hawakuhesabu kazi nzimanzima, walihesabu shughuli ambazo mtu anazifanya ndani ya kazi. Wakapata 9%.

Mbona tofauti kubwa hivyo? Ni kwa sababu kazi moja ina vipande vingi. Hebu tuchukue mfano wa fundi wa viyoyozi, kazi ambayo Riyadh haiwezi kuishi bila yake wakati wa joto. Kazi yake ina vipande angalau vitano: kusoma namba ya hitilafu kwenye mashine, kupima shinikizo la gesi, kupandisha kifaa cha nje hadi darini, kuchomelea bomba la shaba, na kumweleza mwenye nyumba tatizo ni nini na litagharimu hela ngapi. Kipande cha kwanza simu yenye akili mnemba inaweza kukifanya leo hii. Cha pili kinaweza kufanywa na kihisi kilichofungwa ndani ya mashine. Lakini roboti ya kupanda dari la Manfuha na kuchomelea shaba kwenye kona ambayo mkono wenyewe hauingii vizuri, hiyo bado.

Na vipande vinavyobaki navyo vinabadilika. Mwaka 2016 nchi za dunia zilikubaliana mjini Kigali, ndiyo, Kigali yetu ya Rwanda, kupunguza hatua kwa hatua gesi za majokofu na viyoyozi zinazopasha dunia joto. Ndiyo maana viwanda vinaiacha gesi ya R-410A na kuelekea zile zenye madhara madogo zaidi kama R-32. Lakini R-32 inaweza kushika moto kidogo. Fundi aliyezoea ya zamani hawezi kuichezea vilevile: anahitaji vifaa vingine na mafunzo mengine. Uamuzi uliofanyika Afrika Mashariki unabadilisha mfuko wa vifaa wa fundi wa Riyadh. Huo nao ni mustakabali wa kazi, na hauna roboti hata moja.

Jambo la kuchukua hapa: ukisikia mtu anasema "kazi fulani itakufa", muulize ni vipande gani vitakufa, na vitakavyobaki vinahitaji kujifunza nini.

Somo la pili: Ujuzi usiothibitishwa hauhesabiki

Neno linalotajwa kuliko yote kwenye kumbi hizi ni "ujuzi". Wanasema vyeti vya darasani vinapungua nguvu, mwajiri anataka kuona unaweza nini. Ukisikia hivyo unafurahi, unasema sasa fundi wetu wa miaka 15, asiye na diploma, ameokoka. Taratibu kwanza!

Saudi Arabia ilianzisha mwaka 2021 mpango wa kuhakiki ujuzi wa wafanyakazi wa kigeni kabla hawajasafiri. Ulianzia Asia ya Kusini, kwa fani tano: fundi bomba, fundi umeme, mchomeleaji, fundi wa majokofu na viyoyozi, na fundi umeme wa magari. Mtu anafanya mtihani wa nadharia na wa vitendo nchini kwake. Kisha mwaka 2025 vibali vya kazi vya wageni vikagawanywa katika madaraja matatu: ujuzi wa juu, ujuzi wa kati, na kazi za msingi. Daraja linapangwa kwa kuangalia elimu, uzoefu, ujuzi, mshahara na umri.

Maana yake ni nini? Maana yake karatasi haijaondoka. Imebadilishwa tu. Zamani iliulizwa shahada, leo unaulizwa uthibitisho wa ujuzi, na uthibitisho huo nao ni karatasi, au siku hizi ni alama kwenye kompyuta ya serikali. Kijana aliyejifunza kuchomelea Gerezani pale Dar es Salaam au Gikomba pale Nairobi, akaja huku na ikama iliyoandikwa "amil", yaani kibarua, kwa mfumo huu ni kibarua. Mikono yake inajua, lakini mfumo hauoni mikono. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi nao ni mali.

Na kwetu njia za kuandika daftari hilo zipo, ila watu hawazitumii. Tanzania, VETA ina utaratibu wa kuurasimisha ujuzi wa mtu aliyejifunzia kazini: anapimwa, akifaulu anapewa cheti. Kenya, NITA inatoa mitihani ya ufundi kwa daraja la tatu, la pili na la kwanza. Uganda nayo imekuwa ikiwapima mafundi wasio na elimu ya darasani na kuwapa hati ya ujuzi wao. Gharama yake ukilinganisha na anachomlipa wakala ni ndogo. Lakini kijana yuko tayari kuuza shamba la babake amlipe wakala, na hana habari ya mtihani wa siku chache ambao ungembadilishia daraja.

Nasi wasomi tusijione tumepona. Wahandisi wenzangu, sikilizeni. Huku huwezi kufanya kazi ya uhandisi bila kusajiliwa na Baraza la Wahandisi la Saudi Arabia, na shahada yako inahakikiwa hadi chuoni ilikotoka. Mwaka 2018 nchi hii ilisimamisha kuajiri kutoka nje wahandisi wenye uzoefu wa chini ya miaka 5. Mwaka 2021 kampuni zenye wahandisi 5 au zaidi zilitakiwa angalau 20% wawe raia. Julai 2024 kikawa 25%, na mpango ukawa kupanda hadi 30%. Ni haki yao, kila nchi inalinda vijana wake. Lakini usije ukadhani shahada ya uzamili peke yake ni tiketi. Jisajili na bodi ya wahandisi ya kwenu mapema, uanze kuhesabu miaka ya uzoefu. Kenya, Uganda na Tanzania zilitia saini mwaka 2012 makubaliano ya kutambuliana wahandisi ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki. Usajili huo una faida nyumbani hata kama Ghuba itakufungia mlango.

Somo la tatu: Ujuzi bila ruhusa ya kuhama ni ujuzi uliofungwa

Kwenye semina za rasilimali watu wanapenda sana kusema kwamba mfanyakazi wa kesho atabadilisha kazi mara nyingi, atahama kutoka mradi hadi mradi. Sawa. Lakini kuhama kunataka ruhusa, na hapa ndipo historia ya Manfuha inapotufundisha.

Mwaka 2011 Saudi Arabia ilianzisha mpango wa Nitaqat, wa kuzipanga kampuni kwa rangi kulingana na idadi ya raia iliowaajiri. Mwaka 2013 sheria ikakazwa: ilipigwa marufuku mgeni kufanya kazi kwa mtu asiye kafili wake. Watu walipewa muda wa kurekebisha makaratasi, muda ukaongezwa, ukaisha tarehe 3 Novemba 2013. Kesho yake msako ukaanza. Tarehe 9 Novemba ukafika Manfuha, yakatokea mapambano mitaani, na watu walipoteza maisha. Waethiopia zaidi ya 160,000 walirudishwa kwao katika miezi iliyofuata.

Tukitazama kwa macho ya mada yetu, tunaona nini? Wengi wa watu wale hawakukosa kazi. Walikuwa wanajenga, wanapika, wanafua, wanapakia mizigo. Soko liliwahitaji, ndiyo maana walikuwepo. Wengine waliingia bila kibali kupitia Yemen, wengine waliingia kihalali kabisa lakini kazi waliyokuwa wakiifanya ilikuwa kwa mtu mwingine, si yule aliyeandikwa kwenye ikama. Ujuzi ulikuwepo, kazi ilikuwepo, karatasi haikuwepo. Na siku ya msako hakuna aliyeulizwa "unajua kufanya nini?" Waliulizwa ikama.

Mambo yamebadilika tangu hapo, na ni haki kusema hivyo. Machi 2021 yalianza kutumika mageuzi ya sheria ya kazi. Mfanyakazi wa kampuni binafsi, akimaliza mwaka mmoja, anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine bila ruhusa ya wa kwanza, akitoa notisi. Anaweza kuhama hata kabla ya mwaka kama mshahara haukulipwa miezi mitatu mfululizo, au kama mkataba wake haukuandikishwa ndani ya miezi mitatu ya mwanzo, au kibali chake kimeisha. Mikataba inaandikishwa kwenye mfumo wa Qiwa, na mfanyakazi mwenyewe anaweza kuingia na kusoma wake.

Sasa angalia jinsi mambo yanavyokutana. Haki hizo zote zinategemea mkataba uliondikishwa na tarehe zinazosomeka. Asiye na mkataba kwenye mfumo anayo haki ya kuhama, lakini lazima ajue kwamba anayo. Asiyejua anaondoka kimyakimya, mwajiri anamripoti kuwa ametoroka, yaani anapigwa "hurubu", na mtu aliyekuwa na haki usiku mmoja anageuka mkosaji.

Somo la nne: Tazama nani hayumo ukumbini

Hili nililiona polepole. Kwenye jukwaa wanakaa mawaziri, mameneja, wenye kampuni za teknolojia, na maprofesa. Wanaozungumziwa ni wahandisi wa data, wauguzi, wataalamu wa nishati. Nani hayupo? Hayupo kadama. Hayupo dereva wa nyumbani, hayupo mchunga ngamia, hayupo mtunza bustani.

Si kwamba hawana idadi. Dada zetu kutoka Kenya, Uganda na nchi jirani wanaofanya kazi za ndani katika Ghuba ni wengi kiasi kwamba kila mmoja wetu ana jirani, binamu au shangazi aliyekwenda. Lakini yale mageuzi ya Machi 2021 niliyoyataja hayakuwagusa. Wafanyakazi wa nyumbani, madereva binafsi, wakulima, wachungaji na watunza bustani waliachwa nje. Wana kanuni zao tofauti. Kanuni mpya za wafanyakazi wa nyumbani zilianza Oktoba 2024: kazi isizidi saa 10 kwa siku, mapumziko ya saa 24 mfululizo kila wiki, na mwajiri haruhusiwi kushikilia pasipoti. Na kuanzia Julai 2024 mishahara yao ilianza kupitishwa kwenye mfumo wa Musaned kwa awamu, kwanza mikataba mipya, awamu ya mwisho ikapangwa Januari 2026.

Ni hatua nzuri kwenye karatasi. Lakini anayeishi ndani ya nyumba ya mwajiri, kwa lugha asiyoijua, ataanzaje kudai saa zake 10? Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba namba 189 kuhusu wafanyakazi wa nyumbani mwaka 2011, na mpaka leo nchi nyingi, za wanaopeleka na za wanaopokea, hazijauridhia.

Kuna kichekesho hapa. Oktoba 2017, kwenye mkutano wa uwekezaji hapahapa Riyadh, roboti iitwayo Sophia ilitangazwa kupewa uraia wa Saudi Arabia. Ilikuwa ni mbwembwe za teknolojia, kila mtu alijua. Lakini fikiria dada aliyelea watoto wa watu kwa miaka 12, ambaye kila mwaka anangoja mtu mwingine amhuishie ikama, anaitazama habari hiyo kwenye simu. Roboti haina mkataba, haina shida ya hurubu, haina mama Machakos anayesubiri hela ya dawa. Na ndiyo iliyopata uraia.

Somo la tano: Soma ripoti yenyewe, usiishie kwenye slaidi

Mwaka 2025 Jukwaa la Uchumi la Dunia lilitoa ripoti yake kuhusu mustakabali wa ajira. Namba zake utazikuta kila semina: hadi mwaka 2030 zitatokea kazi mpya milioni 170 na zitapotea milioni 92, na 39% ya ujuzi wa msingi wa wafanyakazi utabadilika. Kisha slaidi inayofuata ni akili mnemba.

Lakini ukiifungua ripoti na kusoma ndani, utakuta kazi zinazokua kwa haraka kwa asilimia ni hizo za data na akili mnemba, ambapo zinazokua kwa idadi ya watu ni nyingine kabisa: wafanyakazi wa mashambani, madereva wa kupeleka mizigo, wajenzi, wauzaji. Kwa maneno mengine, kazi za watu wa Manfuha haziendi popote. Zinaongezeka. Riyadh inajiandaa kwa maonyesho ya Expo 2030, na Saudi Arabia ilithibitishwa Desemba 2024 kuwa mwenyeji wa Kombe la Dunia la 2034. Viwanja hivyo havitajengwa na kompyuta peke yake. Mtu atasimama juani, na ndiyo maana kuna sheria ya kuzuia kazi za nje kati ya saa 6 mchana na saa 9 alasiri, kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15.

Jambo lingine: ripoti ile imetokana na kuwauliza waajiri zaidi ya 1,000. Waajiri wanajua mengi, lakini wanaelezea kesho wanayoitaka wao. Ukisoma takwimu yoyote, uliza: nani aliulizwa? Hilo ni swali la darasani kwetu, tusilisahau tukivaa beji.

Basi tufanye nini?

Kwa kifupi, hoja yangu ni hii: mustakabali wa kazi wa Mwafrika Mashariki hautaamuliwa na roboti kwanza. Utaamuliwa na mambo mawili, nani anauthibitisha ujuzi wake, na je, anaruhusiwa kuubeba kwenda kwingine? Yote mawili ni mambo ya maandishi, na maandishi ndiyo kazi tunayoiweza sisi wanafunzi. Napendekeza yafuatayo kwa jumuiya yetu.

Kwanza, kila mmoja aweke daftari lake sawa. Hakiki shahada yako ungali chuoni, omba barua za uzoefu zenye tarehe na shughuli ulizofanya, jisajili kwenye bodi ya taaluma ya nchi yako. Usingoje upate kazi ndiyo uanze kutafuta saini ya mkuu wa idara aliyestaafu.

Pili, tufanye saa mbili za Ijumaa kuwa za kusoma mikataba. Tuliosoma Kiarabu tunaweza kumsomea mtu mkataba wake na kumwonyesha namna ya kuingia Qiwa au Musaned. Si uwakili, ni kusoma tu. Mfano mdogo: fundi anayelindwa na sheria ya kazi, mshahara riyali 1,500, ametumikia miaka 7 na mwajiri hakuongeza mkataba. Kiinua mgongo chake ni nusu mshahara kwa kila mwaka wa miaka 5 ya mwanzo, yaani 750 mara 5, sawa na 3,750. Kisha mshahara kamili kwa kila mwaka unaofuata, yaani 1,500 mara 2, sawa na 3,000. Jumla riyali 6,750. Kama ameacha kazi mwenyewe baada ya miaka hiyo 7, anapata theluthi mbili, riyali 4,500. Hesabu hii ni ya darasa la sita. Lakini yuko mtu anayepewa 2,000, anaambiwa asante, anapanda ndege.

Tatu, tupeleke habari nyumbani kabla mtu hajaondoka. Kijana wa kijijini kwenu akikupigia simu kuuliza "kaka, huko kuna kazi?", usimjibu ndiyo au hapana. Muulize: unajua kazi gani, na umepimwa wapi? Mwelekeze VETA au NITA. Mwambie kazi itakayoandikwa kwenye viza yake ndiyo itakayomfuata. Mwambie abaki na nakala ya mkataba kwenye simu ya mama yake, si kwenye simu yake tu.

Nne, tukiingia kwenye makongamano tuulize maswali. Muda wa maswali ni mfupi, basi uliza moja, kwa adabu na kwa ufupi: "Mpango huu wa ujuzi utafika lini Afrika Mashariki, na je, unawahusu wafanyakazi wa nyumbani?" Swali likiulizwa kila mara, siku moja litaingia kwenye ajenda.

Maswali ya kujadili kwenye kikao chetu

1. Chukua kazi unayoisomea. Igawe vipande vitano. Vipi vinaweza kufanywa na mashine ndani ya miaka 10, na wewe umejiandaa vipi kwa vinavyobaki?

2. Je, nchi zetu ziombe mtihani wa ujuzi wa Saudi Arabia ufanyikie Dar, Nairobi na Kampala, au ziimarishe vyeti vyao wenyewe vitambuliwe? Nini faida na hasara ya kila njia?

3. Waliokuwa Manfuha mwaka 2013 walikuwa na kazi bila karatasi. Wengi wetu tutamaliza tukiwa na karatasi bila kazi. Makundi haya mawili yanaweza kusaidiana vipi?

Hilo la tatu ndilo ninalotaka sana kusikia majibu yake. Mwenye hoja au pingamizi aje nayo kikaoni, na walioko Jeddah watuletee ya mitaa yao, maana nina hakika hayatofautiani sana na haya.